Programu Moja, Mikono Mingi

Somo la leo ni juu ya programu ya kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Je, kila mtu awe na ruhusa ya kuibadili? Ukisema ndiyo, utaandika kitabu kwako, nami nikikitoa kwangu kurasa zimehama. Ukisema hapana, mwenye haja ambayo mtungaji hakuifikiria atakaa bila msaada.

Tutazame TeX, programu ya kupanga maandishi ya vitabu, hasa vya hesabu. Donald Knuth, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliianza mwaka 1977 baada ya kuona kitabu chake kimepangwa vibaya na mitambo mipya ya wapiga chapa. Ikaenea. Watu wa Ulaya wakalalamika kuwa inapokea herufi za namna 128 tu, na lugha zao zina herufi zaidi. Mwaka 1989 akakubali kuzifikisha 256.

Kisha mwaka 1990 akafunga mlango: hataongeza kitu tena, atasahihisha makosa tu. Kila asahihishapo, namba ya programu huongezwa tarakimu moja ya pai, ile hesabu ya duara. Mwaka 2021 ilifika 3.141592653. Ameagiza kwamba atakapofariki namba iwe pai yenyewe, na hata makosa yaliyosalia yasiguswe.

Mtasema huo ni ukaidi. Lakini sikilizeni: maandishi ya ndani ya programu yako wazi, na mtu aweza kuyachukua akatengeneza yake, mradi aipe jina lingine. Jina TeX ni la ile tu inayofaulu mtihani aliouweka Knuth. Ni kama pishi ya sokoni. Seremala na achonge chombo cha ukubwa wowote, ila asikiite pishi.

Basi Jonathan Kew akatunga XeTeX, inayopanga hata Kiarabu. Yupo pia Hàn Thế Thành wa Vietnam, aliyetunga pdfTeX. Majina yamekuwa mengi, na mwanafunzi mgeni huchanganyikiwa; mimi naona hasara hiyo ni ndogo. Mwalimu aliyeandika mitihani yake mwaka 1990, akiwa amehifadhi na herufi zake, akiitoa leo kwa TeX ataona kila mstari umekatika palepale.

Katika vikundi vyenu jadilianeni: mtungaji asipokuwapo, nani apewe kulinda jina?