Theluji kwa Mtoto Aliyeungua

Mtoto aliyeungua mkono haponi kwa dawa na bandeji peke yake, kwani kovu, kadiri linavyokomaa, hujikunja na kuvuta ngozi hata kiwiko kikashindwa kunyooka. Basi hana budi kunyooshwa kiungo kila siku, nayo ni adhabu ambayo hata mtu mzima huitolea machozi.

Huko Seattle, Marekani, mwaka 1996, wanasaikolojia Hunter Hoffman na David Patterson walianza kuwatuliza majeruhi wa moto kwa uhalisia pepe: mgonjwa huvishwa miwani ya kompyuta, akajiona anaelea katika bonde la barafu, akiwarushia pengwini madonge ya theluji, ilhali tabibu anamhudumia. Maumivu hudai fahamu za mtu, na fahamu zina kiasi chake. Zikishughulishwa na theluji, hubaki chache za kuusikiliza uchungu. Dawa za maumivu haziachwi, wala miwani hailainishi kovu; lakini mtoto aliyeukaza mkono kwa hofu, nami naiona hofu hiyo kuwa hasimu mkubwa kuliko kovu lenyewe, huweza kuridhia unyooshwe hadi aweze tena kujifungia vifungo vya shati.