Gesi ya Kusini na Umeme wa Songea: Bunge Linaamua Nini?

Na Mwandishi Wetu, Songea

MWANANCHI wa Songea anaponunua umeme wa LUKU hupokea, pamoja na tarakimu 20 za kuingiza katika mita, mchanganuo wa fedha alizolipa. Humo zimo Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, tozo ya nishati vijijini ya asilimia 3, tozo ya EWURA ya asilimia 1 na, tangu mwaka 2021, kodi ya jengo. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyobuniwa na karani wa TANESCO. Zote zinatokana na sheria zilizopitishwa na Bunge mjini Dodoma. Tozo ya nishati vijijini, kwa mfano, chimbuko lake ni Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, na ndiyo mojawapo ya vyanzo vya fedha ambazo Wakala wa Nishati Vijijini (REA) hutumia kusimika nguzo katika vijiji vya Namtumbo, Nyasa na kwingineko.

Kila mwaka, unapofika wakati wa bajeti, wananchi husikia kwamba wabunge wameunga mkono miradi ya gesi asilia, mabomba na njia za umeme. Mkoa wa Ruvuma una majimbo tisa ya uchaguzi, na wabunge wake hushiriki katika maamuzi hayo, ingawa hakuna bomba la gesi lililofika Songea wala kisima kinachozalisha gesi katika mkoa huu. Ni haki basi kuuliza uungaji mkono huo una maana gani kwa mkazi wa Mfaranyaki, Lizaboni au Peramiho.

Kwanza jina lisituchanganye. Kitalu kinachoitwa Ruvuma, chenye gesi ya Ntorya, kipo mkoani Mtwara. Kimepewa jina la Mto Ruvuma, mto ambao chimbuko lake liko katika milima ya Matogoro, hapa hapa Songea, kabla ya kuteremka kuelekea Bahari ya Hindi. Serikali ilitoa leseni ya uendelezaji wa eneo la Ntorya mwaka 2024, na gesi yake inakusudiwa kupelekwa kwa bomba fupi, la takriban kilomita 35, hadi mtambo wa kuchakata gesi wa Madimba. Habari njema za "gesi ya Ruvuma" hazina maana kwamba kuna kisima Namtumbo.

Gesi asilia nchini iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Ilikaa ardhini miaka mingi kwa sababu gesi, tofauti na makaa ya mawe, haipakiwi kwenye lori na kuuzwa sokoni bila maandalizi makubwa. Inahitaji bomba, na bomba linahitaji mteja wa uhakika mwisho wake. Mteja huyo alikuwa mitambo ya kufua umeme. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kufika Ubungo, Dar es Salaam. Mwaka 2015 likakamilika bomba kubwa la kutoka Mtwara, kutoka Madimba hadi Kinyerezi, lenye uwezo wa kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Mradi huo, pamoja na mitambo ya kuchakata gesi ya Madimba na Songo Songo, ulijengwa kwa mkopo wa Dola za Marekani bilioni 1.225 kutoka Benki ya Exim ya China.

Kutoka Kinyerezi na Ubungo kinachosafiri si gesi tena, ni umeme. Huingia katika Gridi ya Taifa, ukachanganyika na umeme wa maji wa Kidatu, Mtera, Kihansi na sasa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, kisha ukasafirishwa hadi Makambako. Kutoka hapo, njia ya msongo wa kilovoti 220 hupita Madaba na kufika Songea. Njia hiyo, iliyojengwa kwa fedha za Serikali ya Tanzania na ya Sweden, ilianza kuleta umeme wa gridi mwaka 2018. Kabla ya hapo mji huu ulitegemea mitambo ya dizeli, ukisaidiwa na umeme wa maji wa Tulila, katika Mto Ruvuma, ambao ni kazi ya masista Wabenediktini wa Chipole. Wenye mashine za kusaga na karakana za kuchomelea wanaijua tofauti hiyo vizuri kuliko takwimu zinavyoweza kueleza.

Kwa hiyo Songea inatumia gesi ya Kusini bila kuiona. Zipo sauti zinazosema kwamba, baada ya Bwawa la Nyerere kukamilika, gesi haina kazi tena. Hoja hiyo ina haraka. Mwaka 2015 kina cha maji katika Bwawa la Mtera kilishuka hadi mitambo yake ikazimwa, na gesi ndiyo iliyobeba mzigo. Maji ni nafuu mvua zinaponyesha. Gesi ipo hata zisiponyesha. Taifa lenye vyote viwili liko salama zaidi kuliko lenye kimoja, na mji ulio mwishoni mwa njia ndefu ya umeme, kama Songea, ndio wenye sababu kubwa ya kuutaka usalama huo.

Sasa tuje kwa Bunge lenyewe. Msamiati wa "kuunga mkono" hutumika kwa mambo yasiyofanana. Mbunge anaposimama na kusema naunga mkono hoja, anatoa maoni. Bunge linapopitisha sheria, linafunga mikono ya Serikali na ya mwekezaji. Linapopitisha bajeti, linaruhusu fedha zitumike. Na linaporidhia mkataba, linaifunga nchi mbele ya mataifa mengine.

Sheria zenye uzito mkubwa zaidi katika sekta hii zilipitishwa Julai 2015: Sheria ya Petroli, Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi, na sheria inayohusu uwazi na uwajibikaji katika madini, mafuta na gesi. Ziliwasilishwa kwa hati ya dharura, na mjadala wake ulikuwa mkali; wabunge kadhaa wa upinzani walitaka muda zaidi, na baadhi yao walisimamishwa kuhudhuria vikao. Sheria ya Petroli ilianzisha Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA), ikaiacha EWURA isimamie mkondo wa kati na wa chini, ambako mabomba yamo, na ikalitambua Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) kuwa Kampuni ya Taifa ya Mafuta. Ikaweka mrabaha wa asilimia 12.5 kwa gesi ya nchi kavu na asilimia 7.5 kwa ya bahari kuu. Sheria ya mapato ikaanzisha Mfuko wa Mafuta na Gesi. Miaka miwili baadaye, Julai 2017, Bunge likapitisha sheria mbili kuhusu umiliki wa rasilimali asilia, mojawapo ikilipa Bunge uwezo wa kuitaka Serikali ijadili upya masharti ya mikataba yasiyo ya haki.

Kwa nini ilibidi kuandika yote hayo? Sehemu ya jibu ipo Mtwara. Mwaka 2013 wananchi wa mkoa huo walipinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba kabla hawajaelezwa watabaki na nini. Mei 22 mwaka huo, siku ambayo hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilisomwa bungeni na kuthibitisha kwamba bomba litajengwa, zilitokea vurugu zilizosababisha vifo na uharibifu wa mali. Swali lililoulizwa Mtwara lilikuwa la msingi, na halikuwa la Mtwara peke yake: anayekaa juu ya rasilimali anapata nini? Leo halmashauri zenye gesi hupokea ushuru wa huduma kutokana na mauzo. Ni kiasi kidogo machoni, lakini kwa halmashauri ya wilaya si haba. Songea haipati ushuru huo kwa kuwa haina kisima. Inachopata ni umeme na mgawo wake katika bajeti ya Taifa.

Kuhusu bajeti, kuna jambo ambalo wapiga kura wengi hawalifahamu. Mbunge hawezi kwa utashi wake kuongeza njia ya umeme katika makadirio ya Serikali. Ibara ya 99 ya Katiba inataka mambo ya fedha ya aina hiyo yapendekezwe na Serikali yenyewe. Silaha ya mbunge ni hoja. Makadirio ya Wizara ya Nishati, Fungu 58, hupitia kwanza katika Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Nishati na Madini, na huko ndiko maswali magumu huulizwa, mbali na kamera. Yakifika ukumbini, mbunge asiyeridhika anaweza kushika shilingi ya mshahara wa Waziri hadi apewe maelezo. Mara nyingi shilingi hurudishwa, lakini ahadi ya Waziri hubaki katika Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, na mwaka unaofuata anaweza kuulizwa. Bajeti nzima hatimaye hupigiwa kura ya wazi, kila mbunge akiitwa kwa jina.

Mikataba ya kimataifa ina njia yake. Mfano ulio karibu ni Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo kilomita 1,147 zake ziko Tanzania. Bunge lilipitisha sheria maalumu ya mradi huo mwaka 2021. Bomba hilo linapita mikoa minane na Ruvuma haimo, lakini misamaha ya kodi iliyomo katika sheria kama hizo inamhusu kila mlipakodi, awe Tanga au Tunduru.

Mradi unaoigusa Ruvuma moja kwa moja ni njia ya umeme wa msongo wa kilovoti 220 kutoka Songea kupitia Tunduru na Masasi hadi Mahumbika mkoani Lindi. Hapa kuna jambo la kustaajabisha kidogo. Mtwara, inayotoa gesi, kwa miaka mingi imeishi kwa mitambo yake midogo ya gesi ikiwa nje ya Gridi ya Taifa, wakati gesi hiyo hiyo ikiwasha taa za miji iliyo mbali nayo. Njia hii inakusudiwa kuiunganisha Kusini na gridi kwa kupitia Songea. Mji wetu, ambao leo uko mwishoni mwa njia, utakuwa katikati, na hitilafu upande wa Makambako haitakuwa lazima iuache gizani.

Njia ya umeme hupita katika mashamba ya watu. Tunduru ni wilaya ya korosho, na mkorosho ulio chini ya nyaya za msongo mkubwa haubaki. Mwananchi ambaye ardhi yake itaguswa na mradi wowote wa namna hii anastahili kufidiwa thamani ya ardhi, mazao na majengo, pamoja na posho ya usumbufu na stahiki nyingine zinazotajwa na kanuni. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita. Ikichelewa huongezwa riba, na uthamini uliopitisha miaka miwili bila malipo hupoteza nguvu. Ahifadhi nakala ya fomu ya uthamini aliyosaini. Asisaini asichokielewa.

Kuhusu jikoni, mkanganyiko ni mkubwa. Gesi ya mitungi inayouzwa katika maduka ya Songea haitoki Mtwara. Ni gesi ya petroli iliyosindikwa, huagizwa kutoka nje ya nchi na kushushwa kwa meli, na bei yake hufuata soko la dunia pamoja na gharama ya kuisafirisha hadi huku. Gesi asilia ya Mtwara ni nyingine; hufika majumbani kwa bomba, na hadi sasa nyumba zilizounganishwa ziko katika maeneo machache, yakiwemo ya Dar es Salaam, Mtwara na Lindi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kwa Songea, lengo hilo litategemea mitungi na majiko ya umeme kuliko bomba. Bomba hadi huku lingehitaji viwanda vikubwa vya kuligharamia, na viwanda hivyo kwa sasa havipo.

Ruvuma ina nishati yake pia: makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, ambayo malori huyapeleka Bandari ya Mtwara kwa barabara ya Songea, Namtumbo na Tunduru. Makaa yanakwenda Kusini kwa lori, gesi inatoka Kusini kwa bomba, na umeme unarejea kwa kuzunguka Dar es Salaam na Makambako.

Mwananchi anayetaka kufuatilia mambo haya si lazima asubiri kusimuliwa. Hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati huchapishwa kila mwaka ikiwa na viambatisho vinavyotaja miradi, fedha zilizotengwa na hatua ya utekelezaji. Maoni ya Kamati husomwa ukumbini baada ya hotuba ya Waziri. Anayeishi kando ya barabara ya Tunduru atafute humo njia ya Songea–Tunduru–Masasi–Mahumbika, alinganishe kilichotengwa mwaka jana na kilichotolewa kweli, kisha amuulize mbunge wake kuhusu tofauti hiyo atakaporudi jimboni.