Miembe ya Tabora: Mwanga na Kivuli Katika Njia ya Misafara

Kiwanja cha mji hupata uhai pale watu wanapopenda kuketi, na mwanga una nafasi kubwa katika jambo hilo. Katika nchi za kaskazini tatizo la majira ya baridi ni uhaba wa mwanga. Mjini Helsinki, mwishoni mwa Desemba, mchana hautimizi saa sita, na hata adhuhuri jua haliinuki zaidi ya nyuzi 7 juu ya upeo wa macho. Ili kuwatoa wakazi majumbani, mji huo ulianza mwaka 2009 kupamba mitaa na viwanja vyake kwa sanaa ya mwanga, kwa kawaida mwezi wa Januari.

Tabora ina tatizo lililo kinyume cha hilo. Mji huo uko nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,200 hivi. Mchana wake mrefu kuliko yote huuzidi ule mfupi kwa dakika 35 tu. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, wakati wa mvua, na mwanzoni mwa Oktoba, mwishoni mwa kiangazi, ambapo mawingu ni haba. Hapa kiwanja huwafukuza watu kwa wingi wa mwanga. Dawa yake ni kivuli, na dawa hiyo ilipandwa zamani.

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Wapagazi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi, walisafiri hasa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Huo ndio wakati miti mingi ya miombo inapopukutisha majani, na msitu mzima hubaki bila kivuli cha maana. Mwembe ni mti wa namna nyingine. Asili yake ni Asia ya Kusini, uliletwa pwani kwa biashara ya Bahari ya Hindi, na hubaki na majani mwaka mzima. Husimuliwa kwamba miembe ya njiani iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na wasafiri. Yawezekana kwa baadhi yake. Lakini miti iliyosimama kwa safu iliyonyooka haikupandwa kwa kutupa kokwa. Yafaa pia ikumbukwe kwamba njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu pamoja na watu waliotekwa, na si wote walioketi kivulini walioketi kwa hiari.

Kwa nini kivuli cha mwembe huburudisha? Kipimajoto kikitundikwa chini ya mti huonyesha tofauti ndogo tu na hewa ya nje. Nafuu kubwa hutokana na mionzi. Jua la utosini, anga likiwa safi, huleta nishati ya takribani wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na mwili ulio wazi hupokea sehemu kubwa yake. Majani huizuia. Paa la bati nalo huizuia, lakini bati hupata moto na kuwarudishia joto walioketi chini yake. Jani hutoa mvuke wa maji, na mvuke huo huchukua joto. Kwa hiyo jani halipati moto kama bati.

Chini ya mwembe huo kuna sanaa ya mwanga isiyohitaji umeme. Matundu kati ya majani yana maumbo ya kila namna, lakini madoa ya mwanga yanayoanguka ardhini huwa ya mviringo. Kila tundu dogo hufanya kazi kama kamera ya tundu, na kila doa ni taswira ya jua lenyewe. Kipenyo cha taswira ni sehemu moja ya 110, kwa kukadiria, ya umbali kutoka kwenye tundu: tundu lililo mita 5.5 juu hutoa, jua likiwa utosini, duara la sentimita 5. Wanafunzi wanaweza kulipima kwa rula na karatasi nyeupe, na kwa hesabu hiyo wakakadiria kimo cha tawi wasiloweza kulifikia. Jua lilipopatwa tarehe 1 Septemba 2016, madoa ya namna hiyo yaligeuka kuwa hilali.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na misafara ikakoma, lakini miembe ilibaki. Mwaka 2006 njia hiyo, pamoja na Kwihara alikokaa Livingstone mwaka 1872, iliingizwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Miti yenyewe inazeeka. Miche inayopendwa siku hizi ni ile ya kubebesha, nayo ina faida zake: huzaa baada ya miaka michache na huvunwa kwa urahisi kwa kuwa ni mifupi. Lakini mti mfupi haufuniki barabara wala soko. Anayetaka kivuli cha kiwanja hana budi kupanda mche uliotokana na kokwa, kuuachia nafasi ya mita 10 au zaidi kila upande, na kuumwagilia katika viangazi vyake vya kwanza.