FRAKTALI: NENO NA UMBO LAKE

Mfasiri atafutaye istilahi mara nyingi huanza kwa kuchungulia asili ya neno la kigeni. Njia hiyo hapa haifai. Neno fraktali lilibuniwa mwaka 1975 na mwanahisabati Benoit Mandelbrot, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kilichovunjika. Tukisema "mvunjiko", mwanafunzi atafikiria mfupa. Tukisema "sehemu", tutagongana na hesabu za shule ya msingi. Yatupasa basi kulitazama umbo lenyewe.

Aketiye katika kiti cha kinyozi mjini Mbeya au Iringa, baina ya vioo viwili bapa vinavyoelekeana, huziona taswira zake zimefuatana kama askari katika gwaride. Huo ni mfululizo tu. Lakini tuchukue matufe manne yang'aayo kama kioo, matatu yagusane mezani na la nne likae juu yao. Kila tufe ni kioo mbinuko, hivyo hupunguza taswira. Ndani ya tufe moja huonekana mengine matatu, na ndani ya kila taswira zimo nyingine tatu: 3, 9, 27, 81. Tukiziba nafasi zilizo baina ya matufe kwa karatasi za rangi mbalimbali, mipaka ya rangi hizo hutatizana ajabu. Mwaka 1999 Sweet, Ott na Yorke walionyesha kwamba popote rangi mbili zinapokaribia kukutana, zile nyingine nazo hujipenyeza.

Nyanda za Juu za Kusini zina mifano isiyohitaji maabara. Jani la kangaga katika msitu wa mlima Rungwe lina vitawi, na kila kitawi hukaribia kufanana na jani zima. Mto Ruaha Mkuu nao hukusanya maji ya Ndembera utokao Mufindi, na ya Mbarali na Kimani, na kila mmoja wa hiyo una vijito vyake.

Tumesema "hukaribia", na hapo ndipo penye hoja. Mfasiri aweza kushawishika kuandika "umbo rudufu". Rudufu ni nakala halisi. Kitawi si nakala ya jani. Tena katika maumbile kujirudia kuna kikomo, kwani kila uakisi hupoteza mwanga kidogo mpaka taswira ififie kabisa. Neno hilo likiingia katika mtihani, mwanafunzi mwenye macho mazuri atajibu kwamba kangaga si rudufu. Atakuwa amesema kweli, na atakosa alama.

Sisi tunaona itumike fraktali, katika ngeli ya I/ZI, nayo ifafanuliwe mara ya kwanza kuwa ni umbo ambalo vipande vyake vidogo hukaribia kufanana na umbo zima. Uakisi libaki jina la tendo la mwale kurudi, na taswira kile kionekanacho. Kuviita vyote viwili "kivuli", kama tusikiavyo wakati mwingine, ni kuvuruga, maana kivuli ni mahali mwanga usipofika.