Magari ya Kijapani ya zamani barabara ya Mpondwe: mengi huuawa na maji, si umri

MUHOKYA, Kasese – Dereva anayetoka Kasese kwenda Bwera akiona mshale wa joto unapanda, husimama Muhokya, huomba dumu la maji, hujaza rejeta na kuendelea na safari. Kesho hufanya vilevile. Baada ya wiki chache gasketi ya hedi imeungua, gari liko juu ya mawe, mzigo umekosa soko la mpakani, na kila mtu anasema gari limezeeka. Mara nyingi umri hauna kosa. Kosa lilikuwa ndani ya lile dumu.

Muhokya ni mji wa chokaa. Mawe yake huchomwa kwenye matanuri na chokaa hupelekwa kwa wajenzi. Maji ya kisima au kijito yanayopita kwenye mawe ya namna hiyo hubeba chokaa iliyoyeyuka, hata kama kwa macho ni meupe na safi. Yakipashwa moto, chokaa huachana na maji na kuganda. Mama yeyote anayechemsha chai kwa maji hayo ameuona ukoko huo ndani ya birika. Ndani ya rejeta ukoko ni uleule, ila vijia vya rejeta ni vyembamba mno. Hauhitaji kuwa mnene ili maji yapite kwa shida na joto likose pa kutokea.

Suala hili linawagusa wafanyabiashara na wasafirishaji wengi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu magari mengi madogo ya njia hii ni ndugu wa magari ya spoti ambayo leo wapenzi wa magari wanayatunza kama dhahabu. Injini ya 4A-FE iliyo kwenye Corolla, Carina na Corona nyingi imetoka ukoo mmoja na 4A-GE ya Corolla Levin AE86 ya miaka ya 1983 hadi 1987. Injini ya 3S-FE ya Corona, Ipsum au RAV4 ya kwanza ni ndugu wa 3S-GTE iliyokuwa kwenye Celica GT-Four, gari ambalo Ian Duncan wa Kenya alishinda nalo Safari Rally mwaka 1994. Kabla ya hapo, mwaka 1973, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mashindano hayohayo kwa Datsun 240Z. Kwa hiyo injini hizi si dhaifu. Zilipita kwenye vumbi na matope ya Afrika Mashariki zikiendeshwa kwa nguvu zote. Tofauti ni kwamba zile za mashindano zilikuwa na fundi anayejua kilichomo ndani ya rejeta.

Sababu nyingine ni sheria. Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Kenya kwa muda mrefu imekuwa na kikomo cha miaka 8. Gari la miaka ya 1980 au 1990 lililopo barabarani sasa halina mbadala wa rika lake atakayetoka Japan. Spea nazo hutoka mbali: Kampala ni zaidi ya kilomita 300, na reli ya Kampala hadi Kasese iliyokamilika mwaka 1956 haijapitisha treni tangu miaka ya 1990. Anayeharibu hedi Muhokya anasubiri basi au lori limletee nyingine, na akifika kuilipia hukuta nayo imetoka kwenye gari lililochemka.

LINACHEMKA WAKATI GANI?

Fundi mzuri hafungui kitu kabla ya kuuliza swali hili. Dereva anayejibu "linachemka tu" anajitafutia gharama.

Kama gari huchemka likiwa limesimama, kwa mfano kwenye foleni ya malori Mpondwe, lakini hupoa likianza kutembea, tatizo ni upepo. Feni haifanyi kazi yake. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo zenye feni ya umeme kuna jaribio lisilo na gharama: washa swichi bila kuwasha injini, kisha chomoa plagi ya waya inayokwenda kwenye swichi ya joto ya feni. Feni ikizunguka, mota na fyuzi ni nzima na swichi ndiyo ya kutiliwa shaka. Isipozunguka, angalia fyuzi, rilei na mota yenyewe. Dereva aondoe mikono karibu na feni kabla ya kujaribu, maana huanza bila taarifa.

Kama gari hupoa likisimama lakini huchemka likiwa kwenye mwendo au likipanda mlima na mzigo, upepo upo na maji ndiyo hayapiti. Hapo rejeta imeziba, au mkanda wa pampu unateleza, au mpira wa chini wa rejeta umelainika na unanyonywa hadi unabanana injini ikizunguka kwa kasi. Hili la mpira hudanganya wengi, kwa kuwa injini ikiwa kwenye silensa mpira hurudi katika umbo lake na kuonekana mzima. Aongeze mafuta mtu mmoja, mwingine aangalie. Rejeta iliyoziba hujulikana kwa kupapasa injini ikiwa imezimwa na feni haizunguki: sehemu nyingine ni ya moto, nyingine ni baridi kama vile maji hayajafika.

Kama mpira wa juu unakuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha gari la asubuhi, kabla injini haijapata moto, hiyo ni habari mbaya. Mgandamizo wa silinda unaingia kwenye njia ya maji. Mapovu yasiyoisha kwenye mdomo wa rejeta, moshi mweupe wenye harufu tamu, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa huthibitisha kuwa gasketi ya hedi imekwisha. Injini hizi zina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu. Aluminiamu hutanuka kuliko chuma, kwa hiyo gari likichemka sana mara moja tu hedi inaweza kupinda. Kuweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kutupa pesa. Hedi ipelekwe kwanza kwa mtu mwenye mashine ya kuisawazisha.

KIFUNIKO NA THEMOSTATI

Kuna vitu viwili vya bei ndogo ambavyo hudharauliwa sana katika njia hii. Cha kwanza ni kifuniko cha rejeta. Katika bonde la Ziwa George, ambalo uso wake uko mita 914 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka yakifika karibu nyuzi 97. Kwenye milima ya Butembo huchemka mapema zaidi. Kifuniko kizima chenye alama ya 0.9 hubana maji hadi yavuke nyuzi 115 bila kuchemka. Raba ya kifuniko ikikatika, au mtu akiweka kitambaa na mfuko wa plastiki mahali pake, injini nzima isiyo na ugonjwa wowote itaonekana mgonjwa.

Cha pili ni themostati. Mafundi wengi wakiona gari linachemka huitoa na kuitupa, wakisema nchi za joto haziihitaji. Vitabu vya Toyota vyenyewe vinasema kinyume. Themostati ya injini kama 4A ina vali ya pili inayofunga njia ya mkato wakati njia ya rejeta inapofunguka. Ikiondolewa, sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na upoaji hupungua. Anayetaka kujua kama ni nzima aiweke kwenye sufuria ya maji jikoni. Nyingi huanza kufunguka zikikaribia nyuzi 82, kabla maji hayajaanza kutokota. Isiyofunguka itupwe, na mpya iwekwe.

MAJI GANI YATUMIKE

Nusu maji, nusu dawa ya rejeta. Wengi hudhani dawa hiyo ni ya nchi za baridi pekee. Kazi yake hapa ni kuzuia kutu, kulinda aluminiamu na kulainisha pampu. Maji yenyewe yawe yaliyosafishwa yanayouzwa kwenye chupa kwa ajili ya betri (si asidi, na kosa hili hutokea), au maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi na kuchujwa. Dumu moja la maji hayo ndani ya buti linatosha kumwokoa dereva asiombe ya chokaa. Akilazimika kuweka ya barabarani ili afike, aweke, lakini ayamwage mapema na asiyaache yakazoea.

Rejeta iliyoganda chokaa, kama ni ile ya zamani ya shaba, inaweza kufunguliwa juu na kuzibuliwa. Ile yenye matangi ya plastiki huwa haizibuliwi kwa namna hiyo. Ikishindikana kuoshwa, hubadilishwa. Na kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, wala maji baridi yasimwagwe ndani ya injini iliyochemka. Hedi nyingi zimepasuka kwa haraka ya dakika 20.

TAA YA INJINI NA CHUMVI YA KATWE

Si kila gari linalosumbua linachemka. Linalomisi, linalokula petroli au linalozima ghafla huwa na shida ya umeme, na Toyota za EFI za miaka ya mwisho ya 1980 na ya 1990 hujieleza zenyewe bila kompyuta. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko chake kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu mimweko ya taa ya injini. Ikimweka mfululizo bila kupumzika, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Miwili, kituo, miwili tena ni 22: sensa ya joto la maji. Sensa hiyo ikidanganya, kompyuta huweza kuamini injini ni baridi, ikamwaga petroli nyingi, na mwenye gari akalaumu kituo cha mafuta. Namba 12 na 13 ni ishara ya mzunguko kutoka kwenye distributa, 41 ni sensa ya throto. Matundu yasichanganywe, la kukisia liachwe.

Kabla ya kununua sensa yoyote, sharti nyaya zikaguliwe, hasa kwa gari linalobeba chumvi kutoka Katwe. Maji ya chumvi hudondoka, huingia chini ya sakafu, hula chesisi, na huota kutu ya kijani kwenye waya wa ethi unaotoka injini kwenda bodi. Ethi mbovu huleta dalili za sensa tano kwa wakati mmoja. Gari la chumvi lioshwe chini kwa maji mengi siku ileile, na ethi ikwanguliwe hadi shaba ionekane.

Kwa wenye Subaru, iwe Legacy au Impreza yenye injini ya EJ20 ya kamshafti nne, onyo ni la mkanda wa taimingi. Ukikatika, valvu hugonga pistoni na injini imekwisha. Kilomita 100,000 ndiyo kikomo, na gari la mtumba ambalo historia yake haijulikani lihesabiwe kuwa limeshafika. Yenye taabo iachwe iunguruma taratibu kama dakika moja kabla ya kuzimwa, hasa baada ya kupanda na mzigo, ili oili isiungue ndani ya taabo.

Ukaguzi wote huu ufanyike Kasese au Muhokya, si baada ya hapo. Kuelekea Kikorongo barabara inaingia Hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako kushuka na kulala chini ya gari wakati wa jioni si jambo la busara kwa sababu ya wanyama. Na anayevuka Kasindi usiku akumbuke kuwa Kongo huendesha upande wa kulia: taa za gari la usukani wa kulia zikiinamishwa humulika kushoto, yaani machoni mwa anayekuja. Mafundi wa umeme hubandika gundi nyeusi kwenye kioo cha taa sehemu hiyo, na huitoa gari likirudi.