Msuguano Katika Kikunjio cha Mshipi

Sangara, aliyeingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, aweza kupita kilo 100. Katika mwambao wa Bukoba na Muleba wavuvi wengi hutumia nyavu na ndoano. Lakini avuaye kwa ufito hutegemea kikunjio cha mshipi. Kikianza kukwaruza kisitupwe, bali kichunguzwe kwa kanuni za msuguano.

Ndani yake mna bobini, mfano wa ile ya cherehani, ambayo katika baadhi ya vikunjio huzunguka kwa msaada wa gololi chambo kirushwapo. Mchanga ukichanganyika na grisi kuukuu, gololi hazibingiriki vema, na chambo huanguka karibu. Zioshe kwa mafuta ya taa, mbali na moto. Zikaushe, kisha utie tone moja la mafuta mepesi. Mafuta mazito au mengi huzuia mwendo; grisi ni ya meno ya gia.

Breki, hata hivyo, isitiwe mafuta hayo. Hapo msuguano ni rafiki. Msuguano tuli kwa kawaida huzidi msuguano wa mwendo. Hivyo breki chafu hunata kabla ya kuachia, na samaki mkubwa akivuta ghafula, mshipi hukatika. Visahani vyake vifutwe kwa kitambaa safi, na grisi itiwe tu ikiwa mtengenezaji ameagiza.

Mwanafunzi asiye na kikunjio atumie gurudumu la baiskeli: alizungushe kabla na baada ya kusafisha gololi zake, apime muda hadi lisimame, na alinganishe.