Kamba Hukatikia Pembamba: Kagua Amari Kabla ya Kusi

Kusi likianza kuvuma mwezi wa Aprili, mvuvi wa Munje hulala akisikiliza bahari. Chombo kiko nje kwenye maji, na kilichokishika ni kamba moja. Wengi wetu hununua nanga nzito tukadhani tumemaliza kazi. Lakini nanga haitoroki. Kinachokatika ni amari.

Wazee walitumia kamba za makumbi ya nazi, yaliyolowekwa majini miezi mingi, yakapondwa na kusokotwa kwa mkono. Kamba hizo zilistahimili maji ya chumvi na kuvutika mawimbi yakipiga. Siku hizi tunatumia nailoni na plastiki. Nailoni huzama na huvutika vizuri, ila ikilowa hupungukiwa nguvu kidogo. Ile ya plastiki ni rahisi na huelea, lakini jua huila. Ukiikunja ikatoa unga au ikakatikakatika kama majani makavu, imekwisha, hata kama rangi yake bado inang'aa.

Kamba haichakai sawasawa. Huanza pale inaposuguana: kwenye ukingo wa chombo, kwenye pete ya nanga, na chini inapogusa matumbawe. Ipitishe mkononi pima kwa pima. Ukihisi imekonda au imekuwa ngumu, fungua nyuzi zake utazame ndani. Mchanga ulioingia katikati hukata taratibu kama msumeno, na nje usione kitu. Palipooza, kata. Panaposuguana, vika kipande cha mpira wa maji au turubai kuukuu. Na kila baada ya miezi michache igeuze, ncha ya nanga ije chomboni.

Fundo nalo ni mahali dhaifu. Kamba ikipindwa kwa nguvu, fundo laweza kuipunguzia hata nusu ya uwezo wake. Basi usiunge kamba mbili kwa fundo la kufungia kifurushi, likitikiswa hufunguka. Fanya kitanzi kisichokaza: pinda kijishimo, upande wa ncha ulale juu ya kamba kuu. Pitisha ncha kutoka chini ya kijishimo, izungushe nyuma ya kamba kuu, irudishe ndani ya kijishimo kilekile, kaza. Acha mkia wa shubiri moja. Ukifunga kwenye nguzo au pete, zungusha mara mbili kwanza, kisha piga mafundo mawili nusu. Mzigo utabebwa na mizunguko, si na fundo.

Ncha ya nailoni ichome kidogo au ifunge uzi isifumuke.

Kamba mpya ina gharama, na msimu wa kusi mfuko huwa mwepesi. Lakini amari ikikatika usiku, asubuhi utakuta chombo mwambani, mashine imejaa maji, na watoto hawana kitoweo. Kumtegemea Mungu ni wajibu wetu, na kukaza fundo ni wajibu wetu pia. Leo maji yakitoka, shuka pwani ukaikague kamba yako.